Viatu vya baiskeli: bei kubwa inanunua nini hasa?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina miaka 34 na huu ni mwaka wa pili naendesha baiskeli ya barabarani hapa Arusha. Kila Jumamosi tunatoka kikundi kwenda Usa River na kurudi, na tukipata muda tunakwenda Monduli. Mpaka leo navaa raba za kawaida kwenye pedali bapa. Tukishavuka kilomita 40 hivi, vidole vya miguu yote miwili hufa ganzi na nyayo huwaka kama nimekanyaga makaa. Wenzangu wanasema dawa ni viatu vya baiskeli. Dukani nimeonyeshwa jozi mbili: moja ina soli ya nailoni na inauzwa shilingi 260,000, nyingine ina soli ya kaboni na inauzwa shilingi 1,150,000. Muuzaji anasema hiyo ya pili itaondoa ganzi na kuniongezea kasi. Ninaweza kujikusanya nikainunua, lakini nataka kujua kama inastahili.

JIBU: Marahaba. Muuzaji amekuambia mambo mawili yanayohitaji majibu tofauti, na nitaanza na ganzi kwa sababu ndiyo iliyokuleta kwangu.

Raba imetengenezwa ili ipinde, kwa kuwa mtu anapotembea wayo nao hupinda. Kwenye baiskeli kupinda huko hakuna kazi. Ukizungusha pedali mara 80 kwa dakika, kila mguu unakanyaga mara 4,800 kwa saa, na kilomita 40 kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa ni zaidi ya makanyago 7,500 kwa kila mguu, yote yakiangukia sehemu ileile ndogo ya wayo nyuma kidogo ya vidole. Soli laini huikunja sehemu hiyo kuizunguka pedali, mifupa inayobeba vidole hubanana, na mishipa ya fahamu inayopita katikati yake hukosa nafasi. Hapo ndipo ganzi na moto huanzia. Soli ngumu huutawanya mzigo huo juu ya eneo kubwa zaidi la wayo, na kwa hiyo wenzako hawakukosea walipokushauri uachane na raba.

Ila ugumu unaouhitaji kwa kazi hiyo unapatikana hata katika soli ya nailoni iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, ambayo ndiyo soli ya viatu vingi vya bei ya chini na ya kati. Kutoka raba hadi nailoni ni hatua kubwa ambayo utaihisi Jumamosi ya kwanza. Kutoka nailoni hadi kaboni ni hatua ndogo ambayo wengi wa wateja wangu hawawezi kuitambua nikiwafumba macho. Tena kaboni haisamehe. Kiatu kikiwa chembamba kuliko mguu wako, soli isiyopinda hata kidogo inaugandamiza mguu dhidi ya kuta zake kwa saa zote tatu za safari, na nimewaona watu waliolipa zaidi ya milioni moja wakaja kwangu na ganzi mbaya kuliko ile waliyoikimbia.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuuliza dukani ni upana, na hapa naomba uniruhusu nikae kidogo. Wengi wetu tuliokua tukitembea pekupeku au kwa ndala tuna nyayo zilizotanuka mbele, ilhali viatu vingi vya mashindano hutengenezwa kwa kalibu nyembamba. Mteja asiyelijua hili akibanwa huomba namba kubwa zaidi. Namba moja ya Ulaya huongeza urefu kwa milimita 6.7 hivi na upana kwa kiasi kidogo sana, hivyo mtu huondoka na kiatu kirefu ambacho bado kinambana ubavuni na ambacho kisigino kinaogelea ndani yake. Dawa ya mguu mpana ni kiatu kipana cha namba yako halisi. Kampuni ya Shimano hutengeneza baadhi ya viatu vyake katika toleo pana, na kampuni ya Lake wanajulikana kwa kutoa kiatu kimoja katika vipimo kadhaa vya upana. Kama duka ulilokwenda halina, waulize kama wanaweza kuagiza kabla hujakubali kubanwa.

Jipime jioni, maana mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda na huvimba zaidi kwenye joto, na uvae soksi utakazoendeshea. Simama kwa miguu yote miwili juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta, na mtu mwingine apige alama kwenye ncha ya kidole kirefu na kwenye pande mbili zilizotokeza zaidi. Pima miguu yote miwili, kisha uchukue vipimo vya ule mkubwa na kuvilinganisha na jedwali la milimita la mtengenezaji mwenyewe, kwa kuwa namba 43 ya huyu si namba 43 ya yule. Ukishafika dukani, chomoa soli ya ndani, iweke sakafuni na uisimamie. Nyama ya mguu ikimwagika nje ya kingo zake, kiatu hicho ni chembamba kwako, hata kama muuzaji ataapa kwamba kitaachia kwa kuvaliwa. Ngozi ya juu inaweza kuachia kidogo, lakini soli ya chini haitanuki kamwe.

Tuje kwenye kasi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, waliwapima waendesha baiskeli wakiwa katika mwendo wa wastani, mara kwa viatu vya kukimbilia kwenye pedali bapa na mara kwa viatu vya baiskeli vilivyofungwa kwenye pedali, na hawakuona tofauti katika nishati ambayo mwili ulitumia. Chuo hichohicho kilipopima, katika utafiti wa mwaka 2020, watu wanaochomoka kwa nguvu zote kwenye mwinuko mfupi, viatu vya baiskeli vilitoa nguvu ya kilele iliyozidi ile ya viatu vya kukimbilia kwa karibu asilimia 17. Maana yake kwako ni kwamba katika safari ya kawaida ya kwenda Usa River kiatu hakitakusogeza mbele ya mwenzako, ila mkianza kufukuzana kilomita ya mwisho kitakusaidia. Angalia pia kwamba tofauti hiyo ni kati ya raba na viatu vya baiskeli. Asichukue mtu matokeo hayo akauzia kaboni.

Kuhusu uzito, tuseme jozi ya kaboni ni nyepesi kuliko ya nailoni kwa gramu 120. Wewe, baiskeli, maji na vifaa vyako mkiwa na jumla ya kilo 85, umepunguza takriban asilimia 0.14 ya mzigo. Katika mlima unaokuchukua saa nzima kuupanda, huo ni ushindi wa sekunde 5, ambazo utazipoteza zote ukisimama kufungua chupa. Kwa anayeshindana kulipwa, sekunde 5 ni mkate wake. Kwako wewe ni shilingi 890,000.

Sisemi kwamba bei kubwa ni utapeli mtupu. Ukipanda kutoka ngazi ya chini hadi ya kati unapata vitu vya maana: kisigino kinachoshika vizuri, ngozi ya juu inayoukumbatia mguu bila kuunda pingili za kubana, vipande vya kisigino vinavyobadilishika vikilika, na wakati mwingine kifungo cha Boa, kile cha kuzungusha chenye waya mwembamba, ambacho hukuwezesha kulegeza kiatu ukiwa unaendesha mguu unapoanza kuvimba. Mimi binafsi nakipenda kifungo hicho, lakini waya wake ukikatika ukiwa Monduli, au hata mjini, kipuri chake si kitu cha kuokota kila duka. Velkro, yaani mkanda wa kunata, hujaa vumbi na huchoka baada ya muda, ila fundi viatu yeyote wa kando ya barabara anaweza kushona mpya kwa dakika 20; na kamba, ambazo watu huzidharau, hubana kwa usawa kuliko vyote na zinauzwa kila mtaa.

Baada ya ngazi ya kati, fedha zinazoongezeka hununua ugumu, gramu na rangi.

Kuna jambo ambalo hukulitaja, na naogopa hukuambiwa: viatu hivyo havifanyi kazi na pedali zako za sasa. Unahitaji pedali za kufungia, na kliti, yaani kile kipande kinachofungwa chini ya soli ili kinase kwenye pedali, ambacho kwa kawaida huja pamoja na pedali na si pamoja na viatu. Kuna mifumo miwili ya kufunga kliti kwenye soli. Mfumo wa bolti tatu ulitokana na kampuni ya Ufaransa ya Look, ambayo ilikuwa ikitengeneza vifungio vya viatu vya kuteleza kwenye theluji na ikatoa pedali yake ya barabarani mwaka 1984. Mwaka uliofuata Mfaransa Bernard Hinault alishinda mbio za Tour de France akiwa nayo, na ubishi ukaisha. Mfumo wa bolti mbili, SPD, ulitolewa na Shimano mwaka 1990 kwa ajili ya baiskeli za milimani. Kliti yake ni ndogo ya chuma na imezama ndani ya soli ya mpira, hivyo unaweza kutembea, kusukuma baiskeli kwenye tope na kuingia mgahawani bila kuteleza. Kliti ya bolti tatu ni plastiki kubwa iliyotokeza nje. Hulika ukitembea na hugoma kunasa ikijaa udongo. Kwa barabara zetu, ambako lami huisha bila taarifa, na kwa kikundi kinachosimama kunywa chai, ningekushauri SPD bila kusita.

Ukiamua bolti tatu hata hivyo, jihadhari na rangi. Kliti ya Shimano ya manjano huuacha mguu ucheze nyuzi (digrii) 6, ya buluu nyuzi 2, na nyekundu haiachii kitu. Kwa kliti za Look aina ya Keo, nyekundu ndiyo inayocheza zaidi, nyuzi 9, na nyeusi ndiyo iliyokaza kabisa. Mtu aliyezoea nyekundu ya Look akanunua nyekundu ya Shimano huumia goti na kulaumu tandiko. Mgeni aanze na ile inayocheza zaidi.

Vya mitumba navyo vina nafasi yake, na mara kadhaa nimeona soli za kaboni nzuri zikiuzwa kwa bei ya nailoni. Pinda kiatu kwa mikono ukitazama nyufa karibu na matundu ya bolti, jaribu kama nyuzi za matundu bado zinashika, na bonyeza kingo za soli kuona kama gundi imechoka. Soli ya ndani ya mtu mwingine itupe, uweke yako.

Basi, kwa fedha uliyo tayari kuitoa, ningefanya hivi: ningenunua jozi ya nailoni, hiyo ya 260,000 ikipita jaribio la soli ya ndani au nyingine pana zaidi isipopita, pedali za SPD zenye kliti zake, na soli ya ndani yenye kuinua upinde wa wayo kama wako ni wa juu, kinachobaki ningekitunza. Fundi akufungie kliti ikiwa katikati ya mstari unaotoka kwenye fundo la kidole gumba hadi fundo la kidole kidogo, na ganzi ikirudi airudishe nyuma milimita 3 hadi 5 kabla ya kugusa kitu kingine. Bolti apake grisi na azikaze kwa nyutoni-mita (kipimo cha nguvu ya kukaza) 5 hadi 6. Ufunguo wa alenki mkononi mwa mtu mwenye hasira huharibu nyuzi za soli kwa siku moja. Anza safari ukiwa umelegeza vifungo vya mbele, na ukaze vya juu tu. Ganzi ikibaki kwenye mguu mmoja hata ukiwa umeshuka, au ikikuamsha usiku, hilo mpelekee daktari.

Legeza mkazo wa pedali hadi mwisho, uende uwanjani kwenye nyasi, ukafanye mazoezi ya kuchomoa mguu kwa kutupa kisigino nje, mara 50 kila upande, kabla ya kuingia barabarani kati ya daladala na bodaboda. Utaanguka mara moja ukiwa umesimama, mbele ya watu. Sote tumeanguka.