Kupima Habari kwa Usahihi na kwa Haki: Ushauri kwa Msomaji Anayeanza

Msomaji wa kawaida, asiye mwandishi wa habari wala mtafiti, mara nyingi hudhani kwamba hana uwezo wa kupima habari kwa sababu hakuwapo kwenye tukio na hana namna ya kuwapigia simu wahusika. Hofu hiyo inaeleweka, lakini haina msingi. Sehemu kubwa ya ushahidi unaohitajika imo ndani ya habari yenyewe, na katika miaka mingi ya kusoma habari kalamu ikiwa mkononi, pamoja na wasomaji wenzangu ambao nao hawakusomea taaluma hii, nimeona kwamba anayejizoeza kuutafuta ushahidi huo huupata mapema kuliko alivyotarajia. Ninayokuandikia hapa ni yale ambayo ningependa kila anayeanza ayashike kabla hajazoea kusoma kwa mkato.

Kwanza, tenganisha usahihi na haki, kwa kuwa ni maswali mawili. Habari yaweza kuwa ya kweli sentensi kwa sentensi na bado ikamdhulumu mtu, na yaweza kumpa kila mhusika nafasi ya kusema na bado ikabeba uongo kuanzia aya ya kwanza hadi ya mwisho. Msomaji anayeyachanganya huishia kutoa hukumu za jumla, kwamba habari hii ni nzuri au gazeti lile limenunuliwa, na hukumu za namna hiyo hazimfundishi yeye mwenyewe wala anayemsikiliza.

Kwa upande wa usahihi, swali moja linatosha kukufikisha mbali: mwandishi amejuaje? Liulize kwa kila sentensi yenye dai zito. Ama ameona kwa macho yake, ama amesoma hati, ama ameambiwa na mtu aliyeshuhudia, ama ameambiwa na mtu ambaye naye aliambiwa. Habari iliyoandikwa vizuri hukuonyesha ni ipi kati ya hizo. Iliyoandikwa vibaya hujificha nyuma ya maneno kama "imeelezwa kuwa", "imebainika" na "inadaiwa", maneno ambayo yanakuwezesha kusoma ukurasa mzima bila kujua nani ameeleza, nani amebaini na nani amedai. Ukikutana nayo, simama utafute mwenyewe wa kauli. Ikiwa hayupo popote katika habari, dai hilo halina mdhamini.

Chukua mfano wa habari ambayo kila msomaji amewahi kukutana na ya aina yake. Kichwa kinasema kwamba kiwanda kimetia sumu mto na wakazi wanahofia maisha yao. Aya ya kwanza inasema imebainika kuwa maji machafu ya kiwanda yameua samaki. Ya pili inamnukuu mkazi aliyewaona samaki wakielea. Ya tatu inakitaja chanzo kutoka ndani ya kiwanda, ambacho hakikutaka jina lake litajwe, kikisema mtambo wa kusafisha maji umeharibika. Ya nne ina mtaalamu wa mazingira anayeeleza jinsi kemikali za viwandani zinavyoathiri viumbe wa majini. Mwishoni kabisa tunaambiwa kwamba meneja alipopigiwa, simu yake iliita bila kupokelewa.

Sasa uliza swali lako. Mkazi ameona samaki waliokufa, lakini hakuona kilichowaua. Mtaalamu anazungumzia kemikali kwa ujumla, na hakuna palipoandikwa kwamba amepima maji ya mto huo. Chanzo cha ndani huenda kinajua hali ya mtambo, ila hatuelezwi kama ni fundi anayeuhudumia au ni mfanyakazi wa idara nyingine aliyesikia wenzake wakizungumza. Hakuna aliyechukua sampuli ya maji, na neno "imebainika" halina mtu nyuma yake. Je, habari hiyo ni ya uongo? Hatujui, na hapo ndipo wengi wanaoanza hujikwaa. Kiwanda chaweza kuwa ndicho chenye kosa. Tunachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba kichwa kimedai zaidi ya kile ambacho habari imekithibitisha. Kwa hiyo jipatie mapema hukumu ya tatu, iliyo kati ya "kweli" na "uongo", nayo ni "bado haijathibitishwa". Utaitumia mara nyingi kuliko hizo mbili nyingine.

Kuhusu vyanzo visivyotajwa, usiwe mwepesi wa kuvikataa vyote. Habari za Watergate, kashfa ya kisiasa iliyomfanya Rais Richard Nixon wa Marekani ajiuzulu, zilizoandikwa na Bob Woodward na Carl Bernstein katika gazeti la Washington Post, zilisaidiwa na ofisa ambaye jina lake lilifichwa kwa zaidi ya miaka 30, hadi mwaka 2005 ilipofahamika kwamba alikuwa Mark Felt, aliyekuwa kiongozi wa ngazi ya juu katika shirika la upelelezi la FBI. Mtu huyo alikuwa mahali pa kujua, alikuwa na sababu ya wazi ya kujificha, na waandishi walitafuta watu wengine na hati za kuthibitisha aliyoyasema. Gazeti hilohilo, mwaka 1980, lilichapisha simulizi ya Janet Cooke kuhusu mtoto wa miaka 8 mwenye uraibu wa heroini. Mwaka uliofuata simulizi hiyo ilipewa Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari nchini Marekani, kisha mwandishi akakiri kwamba mtoto huyo hakuwapo, na tuzo ikarudishwa. Wahariri walikuwa wamekubali jina la mtoto lifichwe bila wao wenyewe kujua ni nani. Ninaiweka mifano hii miwili pamoja kwa makusudi, kwa sababu imetoka chumba kimoja cha habari katika kipindi kisichozidi miaka kumi. Jina la gazeti lilikuwa lile lile, na lisingekusaidia kuzitofautisha. Kilichozitofautisha ni kama kulikuwa na mtu mwingine yeyote aliyeweza kulithibitisha dai.

Kutoka hapo utaelewa kwa nini wingi wa tovuti zilizobeba habari moja si uthibitisho. Mashirika ya habari kama Associated Press, lililoanzishwa 1846, na Reuters, lililoanzishwa 1851, yapo kwa ajili ya kuuzia vyombo vingine habari, na ni jambo la kawaida habari ya mwandishi mmoja kuonekana mahali pengi, ikiwa na vichwa tofauti na aya zilizopunguzwa kwa namna tofauti. Tafuta jina la shirika mwanzoni au mwishoni mwa habari. Ukikuta zote zimetoka penye chanzo kimoja, hesabu kwamba umesoma habari moja.

Kichwa cha habari, kwa kawaida, hakiandikwi na mwandishi aliyeifuatilia habari. Huandikwa na mhariri anayebanwa na nafasi na muda. Mwaka 1948 gazeti la Chicago Daily Tribune lilichapisha kichwa kikubwa kilichotangaza kwamba Dewey amemshinda Truman katika uchaguzi wa rais wa Marekani, ilhali aliyeshinda ni Truman. Wapiga chapa walikuwa kwenye mgomo, gazeti likalazimika kwenda mitamboni mapema kuliko kawaida, na wahariri wakaamini utabiri wao. Siku hizi haraka hiyo ni ya kila saa. Habari ya saa za mwanzo za tukio lolote, hasa idadi ya waliofariki na jina la anayeshukiwa, isome ukijua kwamba itabadilika.

Tuje kwenye haki, ambayo kwa maoni yangu ndiyo ngumu zaidi kuipima. Julai 1996, wakati wa michezo ya Olimpiki mjini Atlanta, mlinzi aitwaye Richard Jewell aliona begi lililotelekezwa katika bustani iliyojaa watu, akatoa taarifa na kusaidia kuwaondoa watu kabla bomu halijalipuka. Siku tatu baadaye gazeti la mjini humo liliandika kwamba FBI inamshuku yeye. Hilo lilikuwa sahihi: kweli walikuwa wakimchunguza. Lakini kwa wiki nyingi vyombo vya habari viliyachambua maisha yake, tabia zake na nyumba aliyoishi na mama yake, kana kwamba kilichobaki ni hukumu tu. Oktoba mwaka huohuo mwendesha mashtaka alimwandikia rasmi kwamba hachunguzwi tena, na mwaka 2005 mtu mwingine, Eric Rudolph, alikiri kosa hilo mahakamani. Yapo mengi katika habari zile ambayo, ukiyapima kwa usahihi pekee, yangepita. Haki ndiyo iliyokosekana, na msomaji makini angeweza kuliona hilo siku ileile kwa kuuliza kama kulikuwa na ushahidi wowote uliotajwa zaidi ya kwamba maofisa wanamshuku.

Kwa hiyo unapopima haki, anza na yule anayesemwa vibaya. Je, ameulizwa? Je, alipewa muda wa kutosha kujibu, au alipigiwa simu mara moja jioni gazeti likiwa linakwenda mitamboni? Majibu yake yamewekwa wapi, karibu na tuhuma yenyewe au mwishoni ambako wasomaji wengi hawafiki? Kisha tazama vitenzi. Upande mmoja "unafafanua" na "unabainisha", mwingine "unadai" na "kujitetea", na msomaji ameshaambiwa amwamini nani kabla hajasikia hoja. "Alikiri" ni neno zito mno kwa mtu aliyejibu tu swali. Njia ninayoipenda ni kubadilisha majina ya pande mbili kichwani na kuisoma upya aya ileile. Ikiwa sasa inakukera, ilikuwa na upendeleo tangu mwanzo, na ulikuwa huuoni kwa sababu ulikuwa unakufaa.

Hata hivyo, haki haimaanishi kugawa aya nusu kwa nusu. Mwaka 1998 Andrew Wakefield na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet utafiti uliohusu watoto 12 tu, ambao uliamsha hofu kwamba chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela inahusiana na usonji. Vyombo vingi vya habari viliendelea kwa miaka kumweka mtaalamu upande huu na mpinzani upande ule, kana kwamba wana ushahidi wa uzito mmoja, wakati tafiti kubwa zilizofuata hazikuuona uhusiano huo. Jarida liliufuta utafiti huo mwaka 2010. Kuwapa wawili hao nafasi sawa kulionekana kama usawa, na kumbe kulimpotosha mzazi aliyetaka kujua ushahidi umeelemea wapi.

Takwimu nazo zina mtego mmoja ambao ukiujua utaukuta kila mahali. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kula gramu 50 za nyama iliyosindikwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Asilimia 18 ya nini? Ikiwa, tuseme, watu 5 kati ya 100 wangeupata ugonjwa huo maishani, ongezeko hilo linawafikisha karibu 6. Ni jambo la kuzingatia, lakini si lile ambalo vichwa vingi vya habari vilimfanya msomaji alifikirie. Palipo na asilimia ya ongezeko, tafuta idadi ya awali, na ikiwa haipo, iandike kama upungufu wa habari hiyo.

Wakati mwingine utalazimika kutoka nje ya habari. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwalinganisha wanahistoria, wanafunzi na wahakiki wa habari, yaani watu ambao kazi yao ni kuthibitisha ukweli wa madai, walipokuwa wakipima tovuti wasizozijua. Wahakiki ndio waliofanya vizuri, kwa kuwa hawakukaa kwenye ukurasa wakiukagua kwa makini. Waliuacha upesi, wakatafuta kwingine wengine wanasema nini kuhusu mmiliki wake. Nawe fanya hivyo kwa tovuti ngeni, na ukiona hati imetajwa, kama hukumu au ripoti, itafute uisome mwenyewe. Utashangaa ni mara ngapi hati inasema jambo la kadiri kuliko habari iliyoinukuu.

Chombo kinachochapisha masahihisho waziwazi usikihesabie udhaifu. Mimi hukiamini zaidi ya kile ambacho hakijawahi kukiri kosa lolote, kwa kuwa makosa hutokea kila mahali na tofauti ni nani anakueleza.

Mwanzoni, chagua habari moja tu kwa siku, na ikiwezekana iwe inayoupendeza upande wako, kwa sababu hiyo ndiyo utakayokuwa mwepesi kuipitisha. Andika hukumu mbili kando kando, ya usahihi na ya haki, na kila hukumu itaje aya inayoitegemeza, ili mwenzako aweze kuifungua na kukupinga. Baada ya wiki mbili au tatu irudie uone madai yapi yamesimama na yapi yameanguka. Hifadhi nakala ya habari pamoja na tarehe na saa uliyoisoma, kwa maana habari za mtandaoni huhaririwa baadaye, pengine bila taarifa, na bila nakala hutajua kama kilichobadilika ni habari au kumbukumbu yako.