Barua kwa mwanangu: karatasi ya vipimo tisa

Rau, Moshi

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa Jumanne usiku nimeusoma mara tatu. Umeandika: "Baba, tumepewa karatasi ya vipimo tisa vya kujua kwa nini hatupati mimba. Nimekaa kwenye gari nje ya kliniki nusu saa, nimeshindwa hata kuwasha. Nianzie wapi?" Ukaongeza kwamba unaniuliza mimi kwa sababu mama yako atalia. Nisamehe, nimemwambia. Alilia kweli, kisha akachukua panga akaenda kukata ndizi. Nimemwambia kwa sababu siri ya aina hii iliwahi kutugharimu ndani ya nyumba hii. Nitafika huko.

Najua haya si mazungumzo ya baba na binti. Kwetu jambo la kizazi hupelekwa kwa shangazi, na baba husikia mwisho kabisa, wakati kila mtu ameshatoa dawa yake. Lakini nilikaa maabara miaka 31, na karibu kila kilichoandikwa kwenye karatasi hiyo nimekishika kikiwa kwenye kichupa. Simu inanichosha vidole, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Picha uliyonitumia nimeikuza nikaisoma. Vipimo hivyo havifanywi siku moja, na ukivilazimisha siku moja utalipia majibu yasiyosomeka. Aliyekupa karatasi alipaswa kuandika tarehe pembeni ya kila kimoja. Hakuandika, labda foleni ilikuwa ndefu. Ngoja niandike mimi.

Siku ya kwanza ya mzunguko ni ile damu inapotoka sawasawa, si matone ya kuchafua nguo. Hesabu kutoka hapo. Asubuhi ya siku ya pili, ya tatu au ya nne, nenda ukatolewe damu ya FSH, LH na estradioli. Hizo ndizo zinazoonyesha ubongo unavyoyaamuru mayai na mayai yanavyoitikia, na zina maana mwanzoni mwa mzunguko tu. Kwenye sindano hiyo hiyo waambie watoe na ya TSH, ambayo ni ya tezi ya shingoni, ya prolaktini, na ya AMH inayokadiria akiba ya mayai. Hizi tatu za mwisho zingeweza kutolewa siku yoyote, lakini kwa nini uchomwe mara mbili? Prolaktini hupanda mtu akiwa na haraka au wasiwasi. Ukifika unahema, kaa kwenye benchi dakika ishirini kabla hujakunja mkono wa nguo.

Sita zimekwisha kwa sindano moja. Zimebaki tatu, na mojawapo si yako.

Ndiyo hiyo ya mumeo, ya kuhesabu mbegu zake, ninayotaka itangulie zote. Kwenye karatasi wameiweka ya mwisho, kama kawaida ya dunia. Ni ya bei nafuu kuliko nyingi za kwako, haina sindano, haina maumivu, na kasoro kwa upande wa mwanaume huwa ni sehemu ya tatizo kwa ndoa nyingi mno kiasi kwamba kumpasua mke kabla ya kumpima mume ni uzembe. Nimeona wanawake walioletwa na mama wakwe, miaka minane ya ndoa, wameshanyweshwa kila mzizi, na bwana hajawahi kushika kichupa.

Sasa nikwambie la kwangu. Nimemwomba mama yako ruhusa.

Tulioana mwaka 1986. Wewe umezaliwa 1991. Katikati hapo mama yako alikunywa majani yaliyoletwa na shangazi zangu kutoka Rombo, machungu hata harufu yake ilikaa kwenye mapazia. Mimi kila asubuhi nilihesabu mbegu za wanaume wengine, na zangu sikuwahi kuziweka chini ya hadubini. Mwaka 1989, usiku mmoja wa zamu, nikachukua kichupa, nikaandika jina la uongo, nikahesabu mwenyewe. Nikahesabu tena. Zilikuwa chache, na nyingi zimelala hazitembei. Nikamwaga, nikaosha kioo, nikarudi nyumbani kunywa chai. Sikumwambia mtu. Mama yako akaendelea na majani yake, na mimi nikakaa mezani nikimtazama anavyokunja uso juu ya kikombe, huku najua.

Nilichosahau, mimi mtu wa maabara, ni kwamba wiki tano kabla ya usiku ule nilikuwa nimelazwa na malaria, homa imefika nyuzi 40. Mbegu huchukua takriban siku 70 kutengenezwa, na homa kali huziharibu zile zilizo njiani. Angekuwa mgonjwa mwingine ningemwandikia bila kufikiri: rudia baada ya miezi mitatu. Nilirudia baada ya minne, zikawa nzuri. Ndipo nikamweleza mama yako yote. Siku nne hakunisemesha. Mbegu hazikumkasirisha, mwanangu. Yalimkasirisha majani.

Mwambie mumeo hivyo kwa maneno utakayoona yanafaa, au mpe barua asome. Jibu moja baya si hukumu, na jibu zuri si medali. Akae bila kumwaga mbegu kwa siku mbili hadi saba kabla ya kipimo; tatu au nne ndizo nzuri. Asitumie mate, mafuta, sabuni wala kondomu ya kawaida, vyote vinaweza kuua au kudhoofisha mbegu. Yote yaingie kwenye kichupa, hasa tone la kwanza, maana ndilo lenye mbegu nyingi. Likimwagika aseme, asione haya. Wakimruhusu kutolea nyumbani, ifike maabara ndani ya saa moja. Foleni ya kutoka Njiro mnaijua, na baridi ya Julai hapo Arusha mnaijua, kwa hiyo kichupa kikae ndani ya shati, karibu na mwili. Mzee mmoja aliwahi kuniletea ya kwake kwenye chupa ya soda, ndani ya kikapu, chini ya parachichi.

Majibu yakitoka msiyasome kwenye maegesho. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 umeweka kiwango cha chini kuwa mililita 1.4 za shahawa, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, na asilimia 42 ziwe zinatembea. Umbo zuri ni asilimia 4 tu. Hapo ndipo wanaume huzimia. Anaona karatasi imeandika asilimia 95 zina umbo baya, anadhani amekwisha, kumbe yuko ndani ya kawaida. Jambo jingine: kama kule gym anachoma zile sindano za kujaza misuli, amwambie daktari. Homoni ya kiume ikiingizwa kutoka nje, mwili huacha kutengeneza mbegu zake.

Turudi kwako. Projesteroni ndiyo inayowapotosha watu. Utaona imeandikwa "siku ya 21", na kila mwanamke anaambiwa siku ya 21 kana kwamba wote wamezaliwa na kalenda moja. Kipimo hiki huuliza swali moja: je, yai limepevuka na kutoka? Hufanywa siku saba hivi kabla ya hedhi inayofuata. Mwenye mzunguko wa siku 28, ni ya 21 kweli. Wewe umeniandikia kwamba wako ni wa siku 35. Yako ni ya 28. Ukienda ya 21 jibu litatoka chini, utaambiwa mayai hayapevuki, utaanzishiwa vidonge, kumbe yai lilikuwa bado linavaa viatu. Nimetoa majibu ya namna hiyo mimi mwenyewe, kwa sababu karatasi ilisema nipime na mimi nikapima. Kwa hiyo kabla ya lolote, leta kalenda ya miezi minne nyuma, andika kwa kalamu, weka mezani kwa daktari.

Cha tisa ni picha ya mirija ya uzazi, inayoitwa HSG. Hufanywa damu ikishakauka na kabla yai halijatoka, na kwako ukienda siku ya 8 au ya 10 uko salama. Wanapitisha dawa kwenye mlango wa kizazi, halafu eksirei inaonyesha kama imepita kwenye mirija ikamwagika upande wa pili. Inauma, nisikudanganye, inauma kama tumbo la hedhi lililokasirika, dakika chache. Muulize daktari dawa ya maumivu ya kunywa saa moja kabla, beba pedi, na usiendeshe gari mwenyewe kurudi. Kama umewahi kupata maambukizi ya nyonga, sema mapema, huenda wakakupa na dawa za kuzuia bakteria. Wakikuambia mrija umeziba pale mwanzoni kabisa unapotokea kwenye kizazi, uliza swali hili: hauwezi kuwa umekaza tu kwa maumivu? Hutokea, na picha ya pili ikaonyesha njia iko wazi.

Halafu kuna zile karatasi kwenye nguzo za umeme, dawa ya kuzibua mirija, kusafisha kizazi, siku saba tu. Mrija ulioziba huwa na kovu, na kovu halifunguki kwa kitu kinachopita tumboni. Shangazi yako wa Rombo bado yuko hai na atatuma. Pokea, mshukuru, mwagia mgomba. Na vidonge vya kupevusha mayai usinunue dukani kwa ushauri wa rafiki wa kazini, hata kama yeye alipata mapacha. Hasa kama alipata mapacha.

Umeuliza pia kama mtafika kwenye kupandikiza mimba na mtapata wapi hela. Hapo umeruka. Ukiwa na karatasi mkononi unaona ngazi yote mpaka juu, ndiyo maana gari halikuwaka. Wengi hawafiki huko: mwingine ni tezi, anapewa kidonge cha kila siku; mwingine yai halipevuki, anapewa letrozoli siku tano mwanzoni mwa mzunguko na altrasaundi ya kufuatilia; mwingine mbegu zinawekwa moja kwa moja ndani ya kizazi. Kupandikiza kulitafutwa hasa kwa wenye mirija iliyoziba. Mama wa Louise Brown, yule mtoto wa kwanza wa njia hiyo, aliyezaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978, mirija yake ndiyo ilikuwa imeziba. Mkifika huko tutakaa mezani, na kale kakiwanja ka Kiboriloni kapo. Kwa sasa uliza bima inalipa nini kwenye hivi tisa, basi. Na uanze foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, haihitaji majibu yoyote.

Una miaka 34 na mmejaribu miaka miwili. Kwa walio chini ya miaka 35 madaktari husubiri mwaka mmoja, wakivuka hapo miezi sita. Hamkukimbilia, na bado hamjachelewa.

Kuhusu watu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema mtu mmoja kati ya sita hukutana na tatizo hili wakati fulani maishani. Kwenye kosta ya abiria 30 hapo ni watano, na hakuna anayemwangalia mwenzake. Huna deni la kumweleza mtu yeyote, hata mawifi. Chagua mmoja anayejua kunyamaza.

Desemba iliyopita, mbele ya ndafu, na ukoo wote umekaa, mimi ndiye niliyesema kwa sauti kwamba kihamba, shamba letu la ukoo, kinangoja wajukuu. Watu wakacheka. Wewe uliinuka ukasema unaenda kuangalia chai. Chai ilikuwa tayari iko mezani. Niliiona, na bado nikaendelea kuongea. Mwaka huu akianza mtu, nitamkatiza mimi. Na kama hamtaki kuja kabisa Krismasi hii, bakini Arusha, nitawaambia mna kazi.

Ukianza siku zako nitumie ujumbe wenye namba 1 tu, nami nitakuhesabia tarehe za kila kipimo.

Barua hii inakuja na mkungu, kwenye kosta ya saa mbili asubuhi. Ni mshare. Nilimuuliza mama yako kama hutaona tunakusema, kutumiwa ndizi za mtori, supu ya mzazi, wakati hujajifungua. Akanijibu kwamba mtori ni chakula, hauna cheti, na kwamba upike Jumapili uweke nyama ya kutosha. Ni mzito, mumeo ndiye aje stendi kuuchukua.

Baba yako