Anayekataa mageuko, yaani kwamba viumbe hubadilika kizazi hadi kizazi, afanye kazi ya biolojia?
Inategemea kazi yenyewe. Kupima sukari kwenye damu au kuchunguza umbo la protini, aachwe afanye, mradi vipimo vyake viwe sahihi. Lakini kumkabidhi utafiti wa usugu wa bakteria dhidi ya dawa? Hapana. Usugu huo ni mageuko yanayotokea mbele ya macho yetu, na wagonjwa wanakufa kwa sababu yake. Hata mabaki ya Tiktaalik, samaki wa kale mwenye mapezi yaliyoelekea kuwa miguu, yalipatikana Kanada mwaka 2004 baada ya watafiti kuitumia nadharia ya mageuko kuchagua miamba ya umri wa miaka milioni 375 hivi. Na tafadhali, dini isisingiziwe: Francis Collins, aliyeongoza Mradi wa Jenomu ya Binadamu (wa kusoma DNA ya binadamu), ni Mkristo na anayakubali mageuko.