Saturn ilishakufa, gari zake bado zipo barabarani: ununue au uache?

Juzi usiku dogo mmoja wa kwetu Tanga, ana miezi minne tu hapa Columbus, Marekani, kanipigia saa tano na nusu. "Kaka shikamoo, samahani kwa usiku, nimeona gari kubwa safi, siti nane, bei ya kutupa, ila jamaa kazini wananiambia kampuni yake ilishakufa, spea nitazifuata makaburini." Nikamuuliza gari gani. "Saturn Outlook." Nikacheka mpaka mke wangu akaamka, maana Saturn ndo iliyonilea nchi hii, na hilo neno la makaburini niliambiwa na mimi mwaka 2011. Nikamwambia lala, kesho nitakuandikia. Nimeandika ikawa ndefu, basi bora msome wote mnaotafuta gari la kwanza.

Saturn ilikuwa mtoto wa General Motors. Miaka ya 80 Wamarekani walikuwa wanakimbilia Toyota na Honda ndogo ndogo, na GM kwenye vigari vidogo walikuwa wanapigwa vibaya, sasa Januari 1985 bosi wao Roger Smith akatangaza wanaanzisha kampuni mpya kabisa, kiwanda kipya, injini mpya, mkataba mpya na chama cha wafanyakazi, na jina wakalichukua kwenye ile roketi iliyopeleka watu mwezini. Kiwanda wakakijenga Spring Hill, Tennessee, kusini ya Nashville, sehemu ya mashamba tu, na gari ya kwanza ikatoka tarehe 30 Julai 1990, Smith mwenyewe kaishika usukani akiwa anakaribia kabisa kustaafu.

Ila gari yenyewe haikuwa ya ajabu sana, ilikuwa ndogo ya kawaida, injini ya lita 1.9 yenye kelele. Kilichowachanganya watu ni namna ya kuuziwa. Bei imeandikwa, ndo hiyo hiyo, hakuna kupatana. Mimi nimekulia mikononi mwa mama ambaye akienda Kariakoo bila kupunguziwa hata mia tano anarudi nyumbani anaumwa, kwa hiyo mwanzoni nilishangaa mtu anafurahiaje kunyimwa punguzo, mpaka nilipokaa mwenyewe mbele ya muuza magari wa hapa masaa manne, anaenda "kuongea na meneja", anarudi, anaenda tena. Hapo ndo nikaelewa kwa nini walipenda. Na ukinunua Saturn mpya wafanyakazi wa pale walikuwa wanakuja wote wanakuzunguka, wanapiga makofi, unapigwa picha na gari yako kama bwana harusi.

Halafu kuna hii ya 1991. Maji ya rejeta waliyoletewa na msambazaji yalikuwa na kasoro, yanakula injini, gari 1,836 zikawa zimeguswa. Wangeweza kubadilisha vifaa tu wakakaa kimya, wao wakawapa wateja gari nyingine mpya. Sasa mtu aliyetendewa hivyo utamwambia nini kuhusu Saturn? Ndo maana mwaka 1994 walipoita wateja waje kutembelea kiwanda walikuja zaidi ya watu 40,000, wengine wameendesha siku mbili tatu, na watoto nyuma, kwenda kuangalia kiwanda cha gari. Mwaka huo huo waliuza gari zaidi ya 280,000.

Mimi hayo yote yalinipita, nilifika hapa 2010 kampuni iko kwenye kitanda cha kufa. Gari yangu ya kwanza wala haikuwa Saturn. Nilichukua kwenye yadi moja ile ya kulipa kila wiki, sitaitaja, na aina ya gari sitaitaja, inang'aa kama imepakwa mafuta ya nazi, wiki ya tatu giaboksi ikakataa gia ya pili katikati ya barabara kuu na nyuma yangu lori linapiga honi. Nikarudi yadi wakanionyesha karatasi niliyosaini, "kama ilivyo", yaani ikiharibika ni juu yako. Saini yangu kweli, ningesema nini. Malipo ya kila wiki yakaendelea kwa gari lililokaa tu chini ya dirisha langu.

Baada ya hapo ndo nikakutana na mzee mmoja Mmarekani, mwalimu mstaafu, anauza Saturn SL2 ya 1999, nyeupe, maili 118,000, anataka dola 1,400. Ilikuwa ya klachi, na Wamarekani wengi klachi hawaiwezi, kwa hiyo imekaa mwezi mzima haina mteja. Mimi nimejifunzia kwenye pikapu ya mjomba barabara ya Muheza, klachi kwangu ni kama kuvaa ndala. Nikamuuliza kuhusu mlango, mbona nikiugonga unalia kama ndoo. Mzee wala hakunijibu, akarudi nyuma hatua moja, akaupiga teke mlango wa gari lake mwenyewe, teke la kweli na kiatu cha ngozi. Ukaingia ndani kidogo halafu PAP ukarudi. Hakuna hata mkunjo. Akaniangalia tu.

Zile S-series zote, yaani SL, SC na SW mpaka 2002, milango na mabawa (yale ya juu ya matairi) ni plastiki, imefungwa juu ya fremu ya chuma kwa skrubu. Boneti, paa na buti ndo bati. Kwa huku Ohio ambako miezi ya baridi barabara inamwagiwa chumvi mpaka gari zinakuwa nyeupe kama samaki wa ng'onda, mlango usioota kutu ni mali. Ukiangalia vizuri utaona nafasi kati ya mlango na bawa ni pana, kidole kinakaribia kuingia, watu walikuwa wanawacheka kwamba hawajui kuunga, kumbe ni kwa sababu plastiki inatanuka jua likiwaka, lazima iachiwe pa kupumulia. Kuna siku mtu alinigonga parking ya apatimenti akaondoka zake, bawa la mbele likapasuka (plastiki inarudi lakini kwenye baridi kali inapasuka, mzee hakuniambia hilo). Nikaenda skrapa, nikapata bawa la kijani dola 25, nikalifungua mwenyewe, nikalifunga mwenyewe, saa moja na nusu na mikono imeganda. Miaka yote iliyobaki niliendesha gari jeupe lenye bawa la kijani na sikulipaka rangi, kwenye parking ya Walmart nilikuwa naliona toka mlangoni.

Sasa oili. Hapa naomba usome taratibu. Injini ya 1.9 ya Saturn inajulikana Marekani nzima kwa kunywa oili ikizeeka, si siri, pistoni zake hazikuwekewa matundu ya kutosha ya kurudishia oili chini, ringi zinaziba uchafu, oili inapanda inaungua. Haivuji, hutaona tone chini, na moshi wenyewe mara nyingi huuoni. Na oili yote humo ndani ni kama lita 4 kasoro, kwa hiyo zikipungua lita mbili umebaki na nusu yake tu. Mnyororo wa taimingi unakazwa kwa presha ya hiyo hiyo oili, sasa ikiisha mnyororo unalegea, unapiga kelele kama mtu anatikisa sarafu kwenye kopo, halafu mazishi. Saturn nyingi mnazoziona skrapa hazikufa kwa ubovu, zimekufa na kiu, mwenyewe anasubiri taa iwake. Ile taa ni ya presha jamani, ikiwaka ujue umechelewa.

Mzee aliniachia chupa mbili za oili kwenye buti na kitambaa, na sharti moja, kila nikijaza mafuta nipime. Nikapima miaka sita. Baridi nyuzi kumi chini ya sifuri, glovu mdomoni, nachomoa kijiti, nafuta, narudisha, nachomoa tena, watu kwenye pampu nyingine wananiangalia. Fundi wangu, ndugu mmoja wa Bukavu anayetengenezea gari nyuma ya apatimenti, alikuwa kila akifungua boneti anasema "hii mutuka iko bado na nguvu," na mimi navimba kichwa kama nimezaa mtoto daktari. Nililiuza 2017 na maili 203,000, kwa jamaa mwingine mgeni, na chupa mbili kwenye buti.

Kwa hiyo dogo, ununue Outlook? Kaka yako anakwambia hivi, achana na jina. Kuna Saturn mbili. Kuna ile ya Spring Hill niliyoisifia hapo juu, ambayo GM ilikaa nayo karibu miaka kumi bila kuipa gari jipya la maana, ndugu zake akina Chevrolet na Oldsmobile nao wananung'unika kwamba mtoto wa mwisho anakula hela yote. Halafu kuna ile ya baadaye, ambayo ni gari za GM zilizobandikwa beji. Relay ni Chevrolet Uplander. Sky ni pacha wa Pontiac Solstice. Astra ilitoka kwa Opel ya Ujerumani, ikiundwa Ubelgiji. Aura ni ndugu wa Chevrolet Malibu, na ilikuwa gari nzuri kweli, ilichukua tuzo ya gari ya mwaka ya Amerika Kaskazini 2007, ila watu walishaacha kuingia dukani. Na Outlook yako ni GMC Acadia na Buick Enclave, mama mmoja baba mmoja.

Hapo ndo jibu la makaburini lilipo. Spea za Outlook chini ya boneti ni zile zile za Acadia, na Acadia zimejaa mji huu. Utakachosumbukia ni taa, bampa, grili, vile vya sura tu, na hivyo skrapa vipo. Wenye SL kama yangu ndo siku hizi wana kazi, maana ile injini haikuwekwa kwenye gari nyingine yoyote.

Ila usikimbilie. Hizo injini za V6 za lita 3.6 za mwanzo, 2007 mpaka 2009, zilikuwa na tatizo la mnyororo wa taimingi kutanuka, GM wenyewe walirefusha waranti ya hicho kitu, ambayo sasa imeshaisha muda. Kubadilisha mnyororo ule ni kazi kubwa, ukipigiwa bei utadhani wanakuuzia gari nyingine. Kwa hiyo muulize mwenye gari risiti za oili, siyo maneno, risiti. Waashe injini ikiwa baridi kabisa, nenda asubuhi, ukikuta kashaipasha moto kabla hujafika mshukuru uondoke. Na taa ya injini kwenye dashibodi iwake ukifungua swichi halafu izime, isipowaka kabisa kuna mtu kaichomoa balbu au kaifanyia ujanja.

Na wewe au mwingine akiletewa Saturn Ion, ya 2003 mpaka 2007, kabla ya yote chukua namba ya chesisi uiingize kwenye tovuti ya serikali ya usalama barabarani, NHTSA, bure, uone kama ilirudishwa kurekebishwa swichi ya funguo. Ile swichi ilikuwa laini, funguo zikiwa nzito au gari likirukia shimo inajizima yenyewe, injini inakata, usukani unakuwa mgumu, na eabegi hazifunguki. GM ilikaa nalo zaidi ya miaka kumi, mpaka 2014 ndo gari milioni 2.6 zikaitwa, Ion zikiwemo, mfuko wa fidia ukakubali vifo 124. Hili silitanii. Ni beji ile ile ya watu waliobadilishia wateja gari nzima mwaka 1991. Na Saturn Vue na Ion za mwanzo zenye giaboksi ya CVT, ile otomatiki isiyo na gia za hatua, kaa nazo mbali, hata upewe. Vue ya V6 ya 2004 mpaka 2007 ni habari nyingine, injini yake ni ya Honda kabisa, wengi hawajui, unaweza kuokota.

Mwisho wake ulikuwa wa kuumiza kidogo. 2009 GM ikafilisika, Roger Penske yule wa magari ya mashindano akakubali kuinunua Saturn, madila, wenye maduka ya kuuza Saturn, wakapumua, halafu tarehe 30 Septemba kampuni nyingine iliyokuwa imtengenezee gari ikakataa, Penske akajitoa, na jioni ile ile GM ikasema basi, inafungwa. Kiwanda cha Spring Hill kipo mpaka leo, kinatengeneza Cadillac.

Dogo kaenda kuiona Outlook Jumamosi asubuhi na yule fundi wa Bukavu. Ya 2008, mwenyewe ana risiti kwenye bahasha toka 2012, mnyororo ulishabadilishwa, kaomba 3,900 wameshushana mpaka 3,400. Jumapili kanitumia picha ya kijiti cha oili kimejaa mpaka juu na ujumbe, "Kaka iko fulu!" Nikamjibu kifute kwanza, urudishe, ndo usome. Bado sijapata picha ya pili.