Maswali na Majibu: Miaka ya Mwisho Kazini

Wiki hii barua nyingi zimetoka kwa watu waliovuka miaka 50, na karibu zote zina harufu moja: mambo mazito yanasemwa kwa mdomo, kwa haraka, na hayaandikwi popote. Nimechagua tano.

Nina miaka 57. Kampuni imenipa barua ya "kustaafu mapema kwa hiari" na watanilipa mishahara ya miezi 12. Umri wa kustaafu kwetu ni 60. Meneja anataka jibu kabla ya Ijumaa. Nisaini?

Ijumaa ni ya meneja, si yako. Leo hii mwandikie barua pepe kwamba umeipokea ofa na unaomba muda wa kuisoma. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1990 inampa mfanyakazi aliyefikisha miaka 40 siku zisizopungua 21 za kutafakari kabla ya kusaini hati ya kuachilia haki yake ya kushtaki kwa ubaguzi wa umri, na siku 7 za kubadili nia akishasaini. Huenda kwenu hakuna sheria kama hiyo, lakini unaona kwamba si wewe wa kwanza kuharakishwa.

Kisha piga hesabu. Umebakiza miaka 3, yaani mishahara 36, unapewa 12. Hapo hujagusa michango ya pensheni ambayo mwajiri angeendelea kukuwekea, wala bima ya afya. Mifuko mingi humkata pensheni anayeondoka kabla ya umri, na makato hayo mara nyingi huwa ya maisha. Kwa hiyo nenda kwenye mfuko wenyewe, si kwa afisa rasilimali watu, uombe makadirio mawili ya maandishi: ukiondoka sasa, na ukiondoka na 60.

Limebaki swali linalouma: usiposaini, itakuwaje? Kama idara yenu inafungwa kweli, mishahara 12 inaweza kuzidi malipo ya kupunguzwa kazi. Ukipata namba zote hizo mezani, ndipo umjibu meneja, hata ikiwa Jumanne ya wiki ijayo.

Bosi wangu mpya ni kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe. Ananiita "mzee" mbele ya watu. Ni heshima au dharau?

Inategemea anakuita saa ngapi. Akikusalimia hivyo asubuhi, pokea. Lakini akisema kwenye kikao cha kugawa kazi, "Hii tumpumzishe mzee," hapo kuna jambo, maana kazi unazopumzishwa leo ndizo zitakazokosekana kwenye tathmini yako mwisho wa mwaka. Usigombanie jina. Weka daftari: tarehe, kazi gani, kapewa nani, nani alikuwepo. (Nawe ujichunguze kama humwiti "kijana wangu" mbele ya wateja. Wengi huteleza hapo.)

Natafuta kazi nikiwa na miaka 54. Nifute miaka ya vyeti kwenye wasifu?

Kuacha mwaka bila kuutaja si uongo. Kuubadilisha ni uongo, na unaweza kufukuzwa kwa sababu hiyo hata miaka mitatu baadaye. Eleza kwa kina kazi za miaka 10 hadi 15 ya karibuni. Za nyuma zipe mistari miwili. Mstari wa kwanza usiwe "uzoefu wa miaka 30", uwe kitu ulichokifanya kikaonekana. Sikufichi, safari yako itakuwa ndefu kuliko ya kijana. Ningekuwa wewe, ningetuma maombi machache na kupiga simu nyingi kwa watu niliofanya nao kazi.

Mimi ni mhasibu. Imekuja programu mpya, na kozi wamepelekwa vijana tu. Nilipouliza nikaambiwa, "Wewe si unaondoka karibuni?" Nimebakiza miaka minne.

Miaka minne ni kufunga hesabu za mwaka mara nne, kwa programu usiyoijua! Pendekezo namba 162 la Shirika la Kazi Duniani (ILO), la mwaka 1980, linataka wafanyakazi wenye umri mkubwa wasibaguliwe, pamoja na kwenye mafunzo. Pendekezo halina nguvu ya mkataba, ila ni la kutajwa kwenye barua yako ya kuomba kozi, na uombe jibu kwa barua pia. Wakati unasubiri, badilishana na kijana mmoja: akufundishe programu, umfundishe kujibu maswali ya wakaguzi.

Nastaafu mwakani. Nasikia wastaafu huitwa tena kwa mkataba. Nisubiri waniite?

Usisubiri. Zungumza sasa, wakati bado wanakuhitaji kila siku. Uliza mfuko wako kama pensheni itasitishwa ukirudi kazini, maana mingine husitisha. Uliza pia nani atalipia bima kati ya siku unayostaafu na siku mkataba unapoanza. Pengo hilo la wiki chache watu hulikumbuka wakiwa tayari dirishani hospitalini.