Kwa walimu wapya wa darasa la kwanza na la pili

Nimepitia maandalio yenu ya masomo ya wiki hii. Kila kipindi, sehemu ya tathmini: "Somo limeeleweka." Jumatatu limeeleweka, Alhamisi limeeleweka, halafu mtoto ukimpa neno "kuku" asome, anakukodolea macho wewe badala ya ubao. Jamani, wadogo zangu, mmeyatoa wapi haya? Kwetu wakubwa, najua.

1. Msikimbizane na azimio la kazi, ule mpango wa nini kifundishwe wiki gani. Likisema wiki hii ni silabi za m, halijasema kwamba irabu zimekwisha kukaa vichwani. Dakika chache za kwanza za Jumatatu, rudieni ya nyuma.

2. Msidanganywe na kwaya. Hapa nitakaa, maana paliniumbua.

Darasa langu la kwanza liliitikia vizuri mno. Nikigusa ubao kwa kijiti: ba, be, bi, bo, bu! Hadi madarasa ya jirani yanasikia. Nikajaza "limeeleweka" wiki baada ya wiki, nikaingia silabi za d, nikaingia k. Siku moja mwalimu mkuu akapita, akamwomba binti mmoja wa nyuma asome ukurasa wa siku hiyo. Akausoma wote, kidole kikitembea chini ya maneno, hakukosea hata neno. Ila kitabu kilikuwa kimefunguliwa ukurasa mwingine.

Mwalimu mkuu hakusema kitu. Akaandika "bo" peke yake ubaoni. Binti akaanza kunong'ona: ba, be, bi... bo! Akaandika "bu". Akaanza tena kutoka ba. Mtoto wa watu alikuwa anajua wimbo, na wimbo nilimfundisha mimi. Tukajaribu wengine, zaidi ya nusu ya darasa ni hivyohivyo. Nilirudi kwenye irabu huku wenzangu wakiwa wameshafika kwenye sentensi, na aibu yake bado ninayo.

Basi gusa silabi bila mpangilio. Anza na bu, ruka kwenye be. Ziunganishe: ba na bu, bi na bi. Na kila mtoto asome peke yake walau mara moja kwa wiki. Mkiwa na darasa kubwa, leo mstari huu, kesho ule.

3. b na d msizifundishe wiki moja, watoto huzichanganya. Wala ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe.

4. Kutoa kwa kukopa. 42 kutoa 17, nusu ya darasa wataandika 35. Si uvivu: wameona 2 haitoshi kutoa 7, wakageuza, wakatoa 2 kwenye 7. Tuliwaambia sisi wenyewe kwamba kubwa ndiyo hutoa ndogo! Leteni vijiti, fungeni mafungu ya kumi kumi, mtoto afungue fungu moja kwa mkono wake mwenyewe. Mkilifungua nyinyi, mmejifundisha wenyewe.

5. Ijumaa hakuna somo jipya. Toeni imla fupi ya maneno ya wiki, kusanyeni madaftari, na kwenye tathmini andikeni nani amekwama wapi. Na wakati wa imla msiwaandikie neno ubaoni eti kuwasaidia. Nimemwona mmoja wenu akifanya hivyo jana. Simtaji, ila alivaa shati la bluu.