Weka hiyo tupa chini, ndugu yangu

Usiiguse tupa kesho. Umeeleza kwamba bastola yako mpya, ya ile aina ambayo ni lazima uvute nyundo kwa kidole gumba kabla ya kila risasi, inapiga nusu shubiri chini ya shabaha ukiwa umbali wa mita 15, na kwamba umeamua kukisaga kilengeo cha mbele, kile kipande cha chuma kilichosimama juu ya ncha ya mtutu, ili risasi zipande.

Hesabu yako si mbaya: ukikipunguza kilengeo cha mbele, mdomo wa mtutu huinuka unapolenga, na risasi hupanda. Mimi nilifanya hesabu hiyo hiyo. Bastola yangu ni ya ukubwa wa risasi uitwao .357 Magnum, na hupokea pia risasi za .38 Special, na mwezi nilioipata, dukani palikuwa na risasi nyepesi tu, za gramu 8.1. Zikapiga chini. Kwenye uwanja wa kulenga shabaha alikuwapo mzee mmoja anayejua kila kitu, kuanzia injini za mashua hadi ndoa za watu, akaniambia kwamba kilengeo cha namna hii hutoka kiwandani kirefu makusudi ili mwenyewe akisage. Viwanda vingine hufanya hivyo kweli, na ndiyo sababu nilimwamini. Alichonyamazia ni kwamba kilengeo husagwa kwa ajili ya aina moja maalumu ya risasi, tena mikononi mwa mtu aliyekwisha kujifunza kufyatua.

Nikarudi Malindi, nikaketi barazani na tupa ya kunolea panga, nikasaga mpaka unga wa chuma ukatapakaa juu ya gazeti. Kwenye bastola yangu, kilengeo cha nyuma na cha mbele vimeachana kwa sentimita 17, kwa hiyo milimita moja tu ya chuma huhamisha tundu la risasi kwa karibu sentimita 9 ukiwa mita 15. Tupa ya panga haijui milimita ni nini. Hata hivyo risasi zikaingia katikati, nami nikatembea kifua mbele juma zima.

Kisha dukani zikaletwa risasi za gramu 10.2, na nyepesi zikaisha. Risasi nzito huenda polepole zaidi, hivyo hubaki ndani ya mtutu kwa muda mrefu kidogo huku bastola ikipiga teke na mdomo ukiinuka, na kwa sababu hiyo hutua juu zaidi. Zangu zilipanda vidole vinne. Baadaye mwenzangu akanitilia maganda matupu kwa siri kati ya risasi nzima, na nyundo ilipoangukia ganda nikauona mtutu ukiinama kama kichwa cha mvuvi anayesinzia ngalawani. Nilikuwa nikiogopa teke na kuusukuma mtutu chini kabla ya mlio, maana yake sehemu ya ule upungufu niliousagia chuma ilikuwa woga wangu mwenyewe. Nilipouacha woga, risasi zikapanda tena. Leo nikilenga embe nampiga kunguru.

Chuma hakioti kama kucha. Kilengeo changu kimeshikamana na mtutu, na fundi mwenye leseni kule Nairobi anasema ni lazima aongeze chuma kwa moto, achonge upya, kisha arudishe weusi wa mtutu. Bei aliyoitaja ingeninunulia risasi za mwaka mzima.

Basi chagua aina moja ya risasi ambayo una hakika utaendelea kuipata, egemeza mikono juu ya mfuko wa mchanga, piga 50 kwa siku tatu tofauti ukiushika mpini vilevile kila mara, kwa kuwa mpini wa bastola hizi huviringika kiganjani na mkono uliolegea hubadilisha mahali risasi inapotua. Jaribu na maganda matupu. Baada ya hapo, kama matundu bado yamekusanyika pale pale chini, mpelekee fundi karatasi zako zote tatu za shabaha, naye asage kidogo kidogo huku ukipiga, aache matundu yakiwa bado chini kidogo.

Yule mzee nilikutana naye juzi uwanjani. Alinitazama kwa muda, kisha akauliza kwa nini siku hizi nalenga ukingo wa chini wa karatasi.